Biro ya klavie, biro ya kidole



Katika makutano mawili yaliyopita kuna swali lililokula wakati wetu kuliko hata zamu za likelemba: ndani ya zile mashini sita tuweke biro gani? Wengine walitaka ile yenye picha nzuri. Wengine walitaka ile inayofanana na Windows waliyoiona benki. Vijana wetu walikuja kila mmoja na yake, na kila mmoja aliapa kwamba za wengine hazifai. Basi sisi wa ukurasa huu tulikaa mbele ya mashini kwa siku tatu, saa zile umeme ulipokuwapo, tukajaribu biro tatu kwa mikono yetu na kwa mikono ya wamama ambao hawajapata kugusa ordinatere tangu kuzaliwa. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwa wale ambao hawakufika siku mashini zilipofunguliwa: zote ni za okazi. Tatu ni laptopu za kawaida, za zamani kidogo, ekra yake haisikii kidole. Mbili ni zile zinazokunjika. Ukipindua klavie nyuma inabaki ekra peke yake, sawa telefone kubwa, nayo inasikia kidole. Ya sita ni ya mezani, na ni nzito kama jiwe la kusagia. Zilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inakataa mashini nyingi za umri huu, sababu inadai vitu vya ndani ambavyo hazina. Ndiyo maana chama kilichagua Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, na ambayo mpaka leo inatolewa bila kulipa. Hiyo tumekwisha kukubaliana. Kilichobaki ni biro.

Neno hili limewasumbua wengi, basi tulieleze kidogo. Ukinunua nyumba, msingi na kuta ni kitu kimoja. Namna ya kupanga sebule ni kitu kingine: meza iko wapi, kabati linafungukia upande gani, mgeni anaingilia mlango upi. Linux ni msingi na kuta. Biro ni sebule: ile picha unayoiona mashini ikiamka, fasi programu zinapokaa, namna dirisha linavyofunguka na kufungwa, kitu kinachotokea ukifinya tushe fulani au ukigusa ekra. Windows inakupa sebule moja, ukubali usikubali. Linux inakuachia uchague, na unaweza hata kuweka mbili ndani ya mashini moja, kisha kuchagua moja kabla ya kuandika neno la siri. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipotoka.

Tulizojaribu ni Xfce, GNOME na Plasma ya watu wa KDE. Zote tatu tulizipata kutoka jamaa moja: Xubuntu ina Xfce, Ubuntu yenyewe ina GNOME, Kubuntu ina Plasma. Ubuntu ilianza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake wazee wetu hawahitaji kutafsiriwa. Waluba wanasema bumuntu. Mama mmoja aliposikia alicheka, akauliza kama mashini sasa ina utu.

Lakini mbele ya kufika kwenye biro zenyewe, tuseme kwa nini jambo hili si la vijana tu. Mama sekretere wetu anahama. Bwana yake amepata kazi Likasi, na mwisho wa mwezi ujao jamaa nzima inapanda gari na vyombo vyake. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyeandika michango, likelemba, feza za msiba na feza za kuzaa, kwanza ndani ya daftari, kisha ndani ya ordinatere yake mwenyewe. Hakuna aliyemlalamikia, na hatumlalamikii leo. Lakini tazameni: sisi ni wamama arobaini na wawili, na ni mmoja tu anayejua kufungua kitabu. Wengine tunasikia hesabu ikisomwa mwisho wa mwezi, tunapiga makofi, tunakwenda nyumbani kupika bukari. Kitabu kilichofungwa ndani ya mashini ambayo mtu mmoja ndiye mwenye kuijua kimekwisha kuwa cha mtu huyo, hata kama moyo wake ni mweupe. Akihama, kinahama naye. Daftari la zamani lilikuwa na vumbi na mafuta ya kupikia, lakini kila mtu aliweza kulifungua.

Kwa hiyo tulipima biro kwa mambo mawili tu. La kwanza: mtu wa klavie anaweza kuingiza majina arobaini na mawili na feza za kila mmoja kabla batri haijakufa? La pili: mama muuza matembele, anayejua telefone tu, anaweza kufungua kitabu peke yake, bila kijana kusimama nyuma ya bega lake, atafute jina lake, asome, afunge? Uzuri wa picha hatukuuhesabu. Wenye kupenda picha wasamehe.

Tuanze na Xfce. Iliyoianzisha ni kazi ya Mfaransa mmoja, Olivier Fourdan, katika miaka ya 1990, na inaonekana kabisa kwamba ilizaliwa wakati mashini zilikuwa na nguvu ndogo. Ni nyepesi. Kwenye laptopu yetu iliyo mbovu kuliko zote, yenye gigabaiti 4 tu za kumbukumbu, iliamka na kuwa tayari kabla ya chai kupoa, na haikuomba chochote zaidi. Kweli, ukifungua kurasa kumi za intaneti uzito unarudi palepale, kwa maana ni Firefox inayokula kumbukumbu, si biro. Lakini kitabu chetu hakihitaji intaneti.

Kwa klavie Xfce ni rafiki. Unafinya Alt na F2, kidirisha kidogo kinatokea, unaandika jina la programu, unafinya Enter, imefunguka. Alt na Tab inakuhamisha kutoka dirisha moja hadi lingine. Ukishika Alt na kuzungusha gurudumu la panya, ekra nzima inakua kama umeweka miwani mipya. Mama mwenye sanduku alipoona hilo alizungusha mara nne bila kusema neno, kisha akavua miwani yake akaiweka mezani.

Mama sekretere aliingiza mwezi mzima mbele yetu, na tulimtazama vidole. Ndani ya LibreOffice, programu ya majedwali, anaandika jina, anafinya Tab, anaandika feza, anafinya Tab, anaandika tarehe, kisha Enter, na mashini yenyewe inarudi mwanzo wa mstari unaofuata. Mkono haugusi panya hata mara moja. Arobaini na wawili waliisha, akafinya Ctrl na S kuhifadhi, na batri ilikuwa bado na nusu yake. Kwa jambo la kwanza, basi, Xfce ilishinda bila ugomvi.

Kwa kidole ni hadithi nyingine. Tuliiweka kwenye moja ya mashini zinazokunjika, tukamwita mama muuza matembele. Alama ya kufunga dirisha ni ndogo kama punje ya mchele, na kidole chake, kilichopalilia shamba miaka thelathini, kiligusa alama tatu kwa mara moja. Alipotaka ukurasa upande, akavuta kidole juu kama anavyofanya kwenye telefone, maandishi yakapakwa buluu badala ya kupanda. Sababu yake ni hii: Xfce bado inasimama juu ya njia ya zamani ya kuchora ekra, X11, ya mwaka 1987, siku ambazo watu walifikiri panya tu. Programu nyingine zikiwa juu ya njia hiyo zinachukua kidole kana kwamba ni panya iliyofinywa. Klavie ya kuandikia juu ya ekra nayo haitokei yenyewe. Lazima uiweke, uitafute, uifungue, halafu inakaa juu ya kile kitu ulichotaka kusoma. Kijana mmoja alituonyesha namna ya kukuza alama kwa kuchagua sura nyingine ya madirisha, na ilisaidia kidogo. Lakini mama alikwisha kurudisha mkono wake ndani ya kitenge. Alisema, na tunaandika alivyosema: "Hii inanikataa."

Tukaenda kwa GNOME. Hii ilianza mwaka 1997 na vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, na mwaka 2011 wenyewe wakaivunja na kuijenga upya, jambo lililowakasirisha watu wengi wakati ule. Waliondoa ile orodha ya programu iliyokaa pembeni, wakaweka alama kubwa zenye nafasi kati yake, kama meza ya soko iliyopangwa vizuri. Waliolalamika walikuwa watu wa klavie na panya. Kumbe nafasi ile ndiyo inayokiokoa kidole.

Mama muuza matembele alirudi, si kwa furaha, tuseme kweli. Tulimwekea kitabu kwenye ule mstari wa alama uliosimama upande wa kushoto wa ekra. Akagusa mara moja. Kikafunguka. Akavuta kidole, ukurasa ukapanda kama wa telefone. Akafungua vidole viwili juu ya picha tuliyomwekea ya kujifunzia, ikakua. Alipogusa fasi ya kuandika jina, klavie ikatokea yenyewe chini ya ekra, na alipomaliza ikaondoka. Akaandika jina lake kwa kidole kimoja, polepole, mashini ikamfikisha kwenye mstari wake. Alisoma kwa sauti ndogo, mwezi kwa mwezi. Hakutuambia kiasi gani, nasi hatukuuliza. Akasema tu kwamba tangu aingie chama ni mara ya kwanza macho yake mwenyewe kuona mstari huo.

Tulipanga kujaribu wamama watatu siku ile. Walijaribu kumi na moja, mpaka umeme ukakatika.

GNOME si malaika. Inaomba nguvu: kwenye laptopu yetu mbovu ilitembea kama mtu aliyebeba gunia. Ile klavie ya ekra inakula karibu nusu ya fasi, na haina tushe za F1 mpaka F12. Ndani ya jedwali la LibreOffice mara nyingine haikutokea, ikabidi tuivute kwa kidole kutoka ukingo wa chini wa ekra. Jifunzeni hilo, litawasaidia: kidole chini kabisa ya ekra, vuta juu. Na msijaribu kuingiza majina arobaini na mawili kwa kidole. Tulijaribu kumi tu, na wakati ule mama sekretere angekuwa amemaliza yote na kwenda sokoni.

Kwa klavie GNOME ilitushangaza. Unafinya tushe moja, ile yenye picha ya dirisha la Windows, unaanza kuandika herufi mbili tatu za programu, Enter. Tushe hiyo pamoja na mshale wa kushoto inaweka dirisha kwenye nusu ya ekra. Pamoja na mshale wa kulia, kwenye nusu nyingine. Hivyo mama mwenye sanduku anaweza kuwa na jedwali upande huu na barua upande ule. Na ndani ya mipangilio kuna fasi ya kukuza maandishi yote kwa kugusa mara moja, bila kutafuta mtu. Wazee wetu waliipenda kuliko gurudumu la Xfce, kwa sababu haihitaji panya.

Plasma hatutaisemea sana, ingawa mmoja wetu ameiweka kwake na hataki kusikia kitu kingine. KDE ilianzishwa na Mjerumani Matthias Ettrich mwaka 1996, na Plasma yao inafanana na Windows: mstari chini, orodha kwenye kona, saa kulia. Aliyezoea biro za kazi anajisikia kwake. Ukikunja mashini, ina uwezo wa kutambua na kukuza alama ili kidole kipate fasi. Klavie ya ekra ipo, lakini inabidi kwanza iwekwe na kuchaguliwa ndani ya mipangilio, na pasipo mtu wa kuonyesha hutajua. Zamani KDE ilifungua faili kwa kugusa mara moja. Tangu Plasma 6 ya mwaka 2024 inataka mara mbili, na kidole cha mtu mzima kinapata shida kugusa mara mbili palepale. Hilo nalo linaweza kubadilishwa. Kila kitu kinaweza kubadilishwa, na hapo ndipo tatizo lake kwetu. Mashini ya chama inaguswa na wamama arobaini na wawili, na watoto wao wakati mama anazungumza. Siku ya pili mtoto wa miaka tisa alihamisha mstari wa chini akaupeleka juu, akaubadilisha rangi, akafuta saa. Alikuwa na furaha sana. Mama aliyefuata alifikiri mashini imekufa. Kwa nyumba yenye mwenyewe mmoja, Plasma ni nzuri pengine kuliko zote. Kwa mashini ya wote, hapana.

Sasa jambo ambalo hakuna kijana aliyetutajia, nalo lilitusumbua kuliko biro zote tatu: herufi zenyewe.

Sisi tumejifunza klavie ya Kifaransa, ile inayoanza A, Z, E, R, T, Y. Ndiyo iliyo shuleni, ndiyo iliyo kwenye biro za serikali. Mashini za okazi zinatoka kila pembe ya dunia. Moja yetu imeandikwa Q, W, E, R, T, Y kwa Kiingereza, nyingine ina Z mahali pa Y kama ya Wajerumani. Mjue kwamba rangi iliyopakwa juu ya tushe na herufi inayotoka ni vitu viwili. Mashini inafuata mpangilio uliochaguliwa ndani, haiangalii rangi. Mama mmoja aliandika neno lake la siri mara tano, mara tano akakataliwa, akaanza kusema mashini ina pepo. Neno lake lilikuwa na herufi a mara tatu. Alikuwa anafinya tushe iliyoandikwa A, na ndani mashini ilikuwa imepangwa kwa Kifaransa, basi ilitoka q. Na neno la siri halionekani likiandikwa, unaona vidoti tu.

Dawa ni kuweka mpangilio mmoja kwenye mashini zote sita, kisha kubandika vikaratasi vya herufi juu ya tushe zile zisizolingana. Ndani ya orodha ya Linux kuna mpangilio wa Kifaransa wenye jina la nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wenye pia zile herufi ɛ na ɔ wanazozihitaji wenye kuandika Lingala vizuri. Kuna hata mpangilio wa Kiswahili wa Tanzania na wa Kenya. Tulichagua huo wa kwetu. Kwenye GNOME, ukiweka mipangilio miwili, tushe ya dirisha pamoja na ile ndefu ya nafasi inakuhamisha kutoka mmoja hadi mwingine.

Hapa tuseme kitu kidogo kwa wapenda lugha. Klavie ya Kifaransa haikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili. Herufi a, ambayo sisi tunaitumia kuliko zote, imewekwa juu pembeni, na chini yake, pale kidole kidogo cha kushoto kinapopumzika, wameweka q, ambayo Kiswahili hakina kabisa. Ile w ya wamama, watoto na watu imetupwa chini kwenye kona. Kwa Kiingereza a iko palepale kidole kinapolala. Lakini klavie ya Kifaransa inatulipa kwa m: iko kwenye mstari wa katikati, karibu na l, wakati Waingereza wameishusha chini. Basi ni sare. Kilichoamua ni barua. Tunaandika kwa komine na kwa shule za watoto kwa Kifaransa, na é, è, ç na à ziko tayari juu ya klavie ya Kifaransa, kidole kimoja tu.

Ila hesabu! Kwenye klavie ya Kifaransa tarakimu za mstari wa juu zinataka ushike Maj, na sisi kitabu chetu ni tarakimu tupu. Waliozoea Windows wanafinya ile tushe ya kufungia herufi kubwa, wanaandika 5000 bila kushika kitu. Ku Linux wakifanya hivyo hazitoki tarakimu, inatoka É kubwa na ndugu zake. Wengi wamefikiri klavie imeharibika. Haijaharibika, ni desturi ya nyumba hii. Plasma ina alama ndani ya mipangilio ya klavie ya kurudisha desturi ya Windows, na hilo tunaipa sifa yake. Sisi tulitafuta njia ya kizee: mashini ya mezani ina tarakimu upande wa kulia, na kwa laptopu tumenunua sokoni kile kiklavie kidogo cha tarakimu tu, kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kilikubaliwa na biro zote tatu bila maneno.

Wengine waliuliza juu ya lugha ya biro yenyewe. Kiswahili kinawezekana kwa sehemu. Tangu mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya maandishi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Ni kazi ya kuheshimu. Lakini wamama wetu walisimama mbele ya neno kama "hariri" wakauliza maana yake, na kwa Kifaransa walilijua mara moja, sababu ndilo watoto wanalolileta kutoka masomoni. Tumeacha Kifaransa. Anayetaka Kiswahili aseme, tutamwekea kwa jina lake bila kuwabadilishia wengine.

Vumbi. Kila mtu wa Kolwezi anajua vumbi letu, barabara za magari ya migodi zinalileta mpaka ndani ya sahani. Linaingia chini ya tushe, na siku moja herufi e haishuki tena. Ekra ya kidole haina tushe za kukwama, unaipangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mashini ikiwa imezimwa. Kwa upande mwingine, ekra ikipasuka ni bei kubwa, na klavie ya kuchomeka inapatikana kwa bei ndogo. Batri zenyewe, mjue, za aina hii kwa kawaida zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu Kongo. Pengine udongo wa Kolwezi umezunguka dunia nzima ukarudi kwetu kama kitu cha okazi, nasi tukaununua.

Na juu ya watoto wa kike, neno moja. Wanajua kidole tangu wanatambaa. Lakini kazi za biro za Dilala, za migodi na za benki zinauliza klavie, na mwenye kuandika kwa vidole kumi anatazamwa vingine. Kwa hiyo mashini zenye klavie tu tusiziite za maskini.

Tulivyopendekeza kwa kamati, na kamati imekubali Jumanne: laptopu tatu za zamani na ile ya mezani zinapata Xfce, ni za kuandika. Zile mbili zinazokunjika zinapata GNOME, ni za kusoma. Kitabu kinaandikwa kwenye mashini ya mezani tu, na wamama watatu, si mmoja, watajifunza kukiandika kabla mama sekretere hajaondoka. Kila mwisho wa makutano nakala mpya inapelekwa kwa kle ya USB kwenye zile mbili, nakala ya kutazama, isiyobadilishwa. Ile nakala inawekwa juu ya meza karibu na mlango, na kila mama anatafuta mstari wake kabla ya kwenda nyumbani. Kuna waliouliza kama si aibu mtu kuona mstari wa mwenzake. Daftari la zamani lilionyesha mistari yote, na hakuna aliyekufa. Lakini swali ni la haki, na litajadiliwa Jumamosi.

Mafunzo ya klavie yanaanza Jumamosi hiyohiyo, saa nane mchana, pamoja na mama sekretere. Ya kidole yatafuata palepale, pamoja na mama muuza matembele, ambaye amekubali kufundisha kwa sharti moja: asije mtu na mikono ya unga.